Fahamu: Safari ya kutafuta mtoto ng'ambo

Katika mitaa kama Mbagala au Tandika, mwaka wa ndoa ukipita bila ujauzito, maswali huanza, na mara nyingi humwelekea mke. Hapo ndipo makosa huanzia: mume hapimwi, ilhali huenda tatizo liko kwenye mbegu zake. Tena kipimo chake ni chepesi kuliko vyote vya mwenzake.

Mirija ya mke ikiziba, aghalabu kwa maambukizi ya zamani, mayai huweza kutolewa na kurutubishwa maabarani, kisha kiinitete huwekwa kwenye mji wa mimba baada ya siku 3 hadi 5. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Jaribio moja halitoshi kwa wengi, hasa mke akivuka miaka 40.

Kati ya waliokwama nyumbani, wengine huuza kiwanja waende India kwa matibabu haya. Lakini Nairobi iko karibu zaidi, hufikiwa kwa basi, na huko watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa 2006. Anayewaza kumlipa mwanamke wa India ambebee mimba ajue kuwa sheria ya nchi hiyo ya 2021 ilipiga marufuku biashara hiyo. Kabla ya tiketi, omba nakala za vipimo vyote. Daktari mpya asipoviona, utavilipia upya.