Mtoto Akitiwa Ganzi: Swali la "Umeridhika?" Halitoshi

Mzazi anayempeleka mtoto kwenye kliniki ya meno ya hospitali ya umma huenda akapewa fomu fupi kabla ya kuondoka. Swali moja halikosekani: je, umeridhika na huduma? Wengi hutia alama kwenye "ndiyo", hurudisha kalamu na kukimbilia matatu. Fomu hiyo ikimfikia msimamizi wa hospitali haimwambii mengi, kwa sababu swali limeulizwa mapema mno, tena kwa jumla mno.

Dawa za kuzuia maumivu wakati wa kutibu meno hutolewa kwa njia mbili kuu. Ganzi ni sindano ya kwenye ufizi inayokufisha sehemu moja ya kinywa, mtoto akiwa macho. Nusukaputi humlaza mtoto usingizi kabisa katika chumba cha upasuaji, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa dawa hizo. Hutumika zaidi kwa mtoto mdogo sana, mwenye meno mengi yaliyooza, au mwenye ulemavu unaomzuia kutulia kitini. Wazazi wengi huziita zote mbili "sindano ya usingizi". Fomu ikiuliza tu kuhusu "dawa ya usingizi", wa ganzi atajibu, wa nusukaputi atajibu, na majibu yao yatajumlishwa kana kwamba walipata huduma moja.

Njia iliyozoeleka ya kupima kuridhika ni kumpa mzazi ngazi ya alama, mathellan 1 hadi 5, kutoka "sikuridhika kabisa" hadi "niliridhika sana". Hojaji moja inayotumika katika nchi nyingi ilitungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1979. Ina maswali 8, kila moja likiwa na alama 1 hadi 4, kwa hiyo jumla huwa kati ya 8 na 32. Ubaya wake ni kwamba wazazi hupenda kutoa alama za juu. Mama ambaye hakulala wiki nzima kwa kilio cha jino, na sasa mtoto ametulia begani, ana shukrani tele. Isitoshe, anayemuuliza ni muuguzi yuleyule aliyemshika mtoto mkono, na mwezi ujao atarudi kwake. Nani ataandika "sikuridhika" mbele ya macho yake?

Ndiyo maana maswali ya tukio hufaa kuliko maswali ya hisia. Chukua suala la kukaa bila kula kabla ya nusukaputi. Mwongozo unaofuatwa sana ni saa 6 kwa chakula kigumu, saa 4 kwa maziwa ya mama na saa 2 kwa maji. Tuseme mtoto ameambiwa asile chochote kuanzia saa sita usiku, kisha akaingia chumba cha upasuaji saa saba mchana. Amekaa saa 13 na njaa na kiu. Mama yake, akiulizwa kama ameridhika, atasema ndiyo. Akiulizwa mtoto alikula na kunywa lini mara ya mwisho, na aliingizwa saa ngapi, hospitali itapata kitu cha kurekebisha: kuwapanga watoto wadogo mwanzo wa orodha, au kuwaruhusu maji asubuhi.

Wakati wa kuuliza nao una uzito wake. Ganzi ya mdomoni huweza kudumu saa 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi. Mtoto ambaye hasikii mdomo wake huutafuna au kuuvuta kwa meno bila kujua. Kesho yake mdomo umevimba na una kidonda cheupe, na mzazi asiyeelezwa hudhani ni usaha, akatafuta dawa za viuavijasumu zilizobaki kabatini. Fomu yake ya "ndiyo" ilijazwa jana, mdomo ukiwa bado umekufa ganzi. Simu ya kesho yake, ikipigwa na mtu ambaye hakumtibu mtoto, huleta habari ambazo fomu ya mlangoni haiwezi kuleta: je, uliambiwa umchunge asijing'ate? Uliambiwa kwamba mtoto anaweza kuzinduka kutoka nusukaputi akilia na kurusha mateke, na kwamba hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe? Ulijua dalili za kukurudisha hospitali, kama damu isiyokoma, homa au uvimbe unaozidi?

Mtoto mwenyewe pia ana la kusema. Kuanzia umri wa miaka 3 hivi, wengi wanaweza kuonyesha kwa kidole mchoro wa uso unaofanana na maumivu yao, kati ya nyuso 6 kuanzia unaocheka hadi unaolia. Jibu lake halilingani kila mara na la mzazi.

Lakini alama za wazazi si kipimo cha kila kitu. Mtoto akifika na mafua na kikohozi, mtaalamu anaweza kuahirisha nusukaputi kwa sababu njia ya hewa iko hatarini zaidi. Mzazi aliyetoka mbali, akapoteza kibarua cha siku nzima, atatoa alama 1, na uamuzi ulikuwa sahihi. Kinyume chake, mzazi hawezi kujua kama kipimo cha oksijeni kilikuwa kimefungwa kidoleni mwa mtoto muda wote. Hayo hukaguliwa kwenye rekodi za chumba cha upasuaji. Alama hiyo 1 bado ina kazi, maana inaonyesha kwamba hakuna aliyempigia mzazi simu siku moja kabla kuuliza hali ya mtoto.

Mzazi akipewa fomu, anaweza kuomba asomewe kwa lugha anayoielewa, na akaandika saa na tukio badala ya alama peke yake. Asiyeridhika na jinsi alivyohudumiwa ana haki, chini ya Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ya kuwasilisha malalamiko na kutaka yachunguzwe. Pa kuanzia ni kwa msimamizi wa hospitali husika, na malalamiko yaandikwe pamoja na tarehe ya matibabu na aina ya dawa aliyopewa mtoto, ganzi au nusukaputi.