Klachi Inayoteleza Katika Gari la Dizeli: Pima Kabla ya Kulipa

Mwenye gari anapoambiwa na fundi kwamba klachi imeisha, mara nyingi hana la kubisha. Kifaa chenyewe kimefichwa kati ya injini na giaboksi. Hakionekani mpaka giaboksi ishushwe, na kazi hiyo ya kushusha ina gharama yake hata kama kosa halikuwa hapo. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji apime kwanza, ndipo aruhusu gari lifunguliwe.

Sahani ya klachi hubanwa na springi dhidi ya flaiwili, na msuguano huo ndio unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Sahani ikilika, au ikilowa oili, injini huzunguka bila kulivuta gari ipasavyo. Injini ya dizeli yenye turbo hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta mizunguko ikiwa bado michache, kwa kawaida kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika. Ndiyo maana klachi iliyochoka huweza kuvumilia safari za mjini, kisha ikashindwa gari lenye mzigo linapopanda Kitonga, mahali ambapo dereva hatamani kabisa kupoteza mwendo huku lori likimfuata nyuma.

Kipimo ni rahisi. Katika barabara tambarare isiyo na msongamano, injini ikiwa imepata joto, endesha kwa gia ya nne au ya tano, mizunguko ikiwa karibu 1,500, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Klachi iliyo nzima hupandisha mizunguko na mwendo kwa pamoja. Mshale wa mizunguko ukiruka huku mwendo ukibaki pale pale, klachi inateleza. Lakini vyote viwili vikipanda kwa uvivu, usikubali kuuziwa klachi: nguvu ya injini ndiyo iliyopungua, na uchunguzi uanzie kwenye filta ya dizeli, filta ya hewa na mipira ya turbo. Kuchanganya mambo haya mawili ni kosa la gharama kubwa, kwa maana mteja hulipia klachi mpya na gari likabaki zito vile vile.

Wapo mafundi wanaopendelea kuvuta breki ya mkono, kuingiza gia ya tatu na kuachia klachi wakitazamia injini izimike. Breki ikiwa imara na injini isizimike, jawabu limepatikana. Ikizimika, hakuna kilichothibitishwa, kwa sababu injini isiyokanyagwa mafuta haina nguvu ya kutosha kuitelezesha klachi iliyochoka kiasi. Wala kipimo hicho kisirudiwe rudiwe, kwani huiunguza sahani.

Gia zinazokwaruza au kugoma kuingia ni ugonjwa wa kinyume: klachi haiachii.

Kabla giaboksi haijashushwa, mwombe fundi akague pedali. Pedali isiyo na nafasi ya kucheza hata kidogo huweza kuizuia klachi isikamate sawasawa, na huenda kurekebisha kebo, au kutengeneza masta silinda kwa magari yanayotumia mafuta ya klachi, kukatosha.

Iwapo giaboksi itashushwa, uwepo, au udai kuoneshwa sahani ya zamani. Ikiwa imelika hadi kwenye ripiti, hiyo ni haki yake ya uzee. Ikiwa imelowa oili, sili ya nyuma ya krenki au ya shafti ya giaboksi inavuja, nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo. La sivyo sahani mpya italowa kama ya kwanza, nawe utalipia kazi ya kushusha mara ya pili. Flaiwili nayo ikaguliwe kama ina nyufa au alama za kuungua. Dizeli nyingi za kisasa zina flaiwili ya vipande viwili ambayo bei yake huweza kupita ya klachi yenyewe, hivyo bei hiyo iulizwe kabla ya kazi kuanza. Risiti itaje kila spea iliyofungwa na muda wa dhamana, na sahani ya zamani uondoke nayo.