Kwa nini mtoto humwamini katuni kabla hajasikia anachosema

Kuanzia Usagara hadi Mwanza mjini, wazazi wengi wanaijua dawa ya mtoto anayelia: mpe simu yenye katuni, atanyamaza. Mara nyingi hadithi yenyewe hata haielewi. Kinachomshika ni umbo.

Mwaka 1943 mtafiti wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza kuwa kichwa kikubwa, macho makubwa na mashavu ya mviringo, yaani sura ya mtoto mchanga, humvuta binadamu na kumfanya atake kulea. Wachora katuni wanalijua hilo vizuri. Akili, wa kipindi cha Akili and Me kinachotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Hakufanywa mwalimu wala daktari. Mtoto anayemtazama anaona mwenzake.

Kisha kuna mwili. Mabega yaliyoshuka ni huzuni, mikono iliyofunguliwa ni karibu, kuinamia kitu ni udadisi. Wachoraji huyatia chumvi makusudi ili hata asiyejua maneno aelewe.

Kando ya Ziwa Victoria hili ni suala la afya. Vimelea vya kichocho huingia kupitia ngozi mtoto anapooga au kucheza kwenye maji yenye konokono wanaovibeba. Dawa ipo, lakini akirudi majini huambukizwa tena, na mama ameshakataza mpaka sauti imekauka. Huko China, watoto wa shule walionyeshwa katuni ya dakika 12 kuhusu minyoo ya tumbo, ikifuatwa na mazungumzo darasani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha maambukizi yalikuwa karibu nusu ya yale ya shule ambazo hazikuiona. Kichocho nacho kinastahili katuni yake, inayochezwa na mtoto wa mwaloni.

Mvuto huohuo huuza pia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa watoto 40 wa miaka minne hadi sita vyakula vilevile kwenye pakiti mbili, moja ikiwa na katuni. Wengi walisema cha kwenye katuni ni kitamu zaidi. Kwenye karoti mvuto ulipungua, jambo ambalo halitamshangaza mzazi yeyote aliyewahi kupita na mtoto mbele ya duka la pipi.

Mzazi anaweza kujaribu hivi: azime sauti kwa dakika mbili na kutazama. Yule mwenye macho mazuri kuliko wote anafanya nini? Anasaidia, au anapiga wenzake na watu wanacheka? Kisha amuulize mtoto, "Huyu anajisikiaje? Umejuaje?" Wengi hujibu kwa kuigiza kwa mabega yao wenyewe.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.