Mwezi wa Tano, na Vimelea Bado Vipo

Mgonjwa wa kifua kikuu (TB) anafika mwezi wa tano wa dawa. Makohozi yanapimwa tena na vimelea bado vinaonekana. Hapo matibabu huonekana kuwa yameshindwa, na swali linalomsubiri mgonjwa linajulikana: "Uliacha dawa?" Wapo walioacha kweli, maana dawa ni bure lakini nauli si bure. Wapo pia waliomeza kila kidonge mbele ya msimamizi wao, na kuwaita watoro ni kuwaonea.

Bakteria wa kifua kikuu wanazaliana kwa wingi. Pafu likishalika hadi likatoboka, tundu moja linaweza kubeba bakteria milioni mia moja au zaidi. Katika kila milioni moja hivi, mmoja huwa tayari ana kasoro ya vinasaba inayomkinga dhidi ya dawa ya isoniazidi. Kwa dawa ya rifampisini ni mmoja katika milioni mia moja hivi. Dawa haikumfundisha usugu huo, ilimkuta nao. Mgonjwa akipewa dawa moja, wenzake wanakufa, naye anabaki na shamba zima peke yake. Waingereza waliliona hilo mwishoni mwa miaka ya 1940 walipoijaribu streptomaisini: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wao wakawa na bakteria wasioguswa tena na dawa hiyo.

Ndiyo sababu leo mtu huanza na dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Anayeponyoka hii anaswe na ile. Lakini usugu huambukizwa pia. Aliyevuta hewa ya mgonjwa wa TB sugu anaanza tiba huku baadhi ya silaha zake zimeshakufa, na yeye hajakosea lolote.

Hapa vipimo vina pengo lao. Mashine ya GeneXpert imeokoa wengi: kwa saa mbili hivi inaonyesha vimelea na usugu wa rifampisini. Ila kipimo chake cha kawaida hakigusi isoniazidi. Mwenye usugu wa isoniazidi peke yake huonekana salama, akapewa dawa zilezile.

Tundu lenyewe nalo ni ngome. Kuta zake zina mishipa michache ya damu, hivyo dawa hufika kwa tabu, na ndani mna bakteria waliolala, wasiogawanyika. Dawa nyingi huwapata vizuri wale wanaogawanyika. Kisukari kisichodhibitiwa hupunguza nguvu za mwili kupambana, na UKIMWI uliokomaa huweza kuharibu utumbo hata dawa isinyonywe ipasavyo. Hata chakula kina nafasi yake: rifampisini hunyonywa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Aliyeongezeka uzito bila dozi kurekebishwa anaweza kuwa anameza pungufu kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo mgonjwa wa mwezi wa tano anastahili makohozi yake yaoteshwe maabara na kujaribiwa kwa dawa moja baada ya nyingine, kabla hajaandikiwa upya zilezile. Ikithibitika ni TB sugu kwa rifampisini, mlango upo. Zamani tiba yake ilivuka miezi 18, pamoja na sindano zilizowaacha wengi viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa vidonge vya miezi sita, bila sindano hata moja.