Kaa Ndani ya Jina la Saratani

Mgonjwa wa Kijerumani anapoambiwa kuwa ana Krebs, anatajiwa kaa. Mrusi na Mpolandi huambiwa rak, yaani kamba wa maji baridi. Mwingereza na Mhispania wanalo cancer, neno la Kilatini lenye maana ya kaa.

Asili ni Ugiriki. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates, aliyezaliwa yapata mwaka 460 KK, vivimbe na vidonda vya aina hii viliitwa karkinos, kaa. Celsus, katika karne ya 1 BK, akatumia cancer ya Kilatini. Galen ndiye aliyeufafanua mfano huo: mishipa iliyofura kuzunguka uvimbe wa titi hutanda kama miguu ya kaa. Wafasiri wa Baghdad walipovitia vitabu vya Galen katika Kiarabu, kaa akawa saratan. Kwa hiyo Mswahili asemaye saratani naye anamtaja kaa, jambo ambalo wanafalaki wa pwani hawangelishangaa, maana Saratani ni nyota yao ya Kaa.

Neno hilo halikuwa na mipaka. Kabla ya hadubini, karibu kila kidonda kilichokula nyama kiliweza kuingizwa humo. Kutoka cancer Wafaransa walipata pia chancre, ambalo leo ni jina la kidonda cha kwanza cha kaswende, maradhi yanayotibika kwa penisilini.

Hofu nayo ina umri mrefu. Maandishi yaleyale ya Kigiriki yalishauri kwamba saratani iliyojificha ni heri isitibiwe, kwa kuwa aliyetibiwa hufa upesi zaidi. Kwa zama zisizo na nusukaputi, ushauri huo ulikuwa na busara yake. Lakini wako wagonjwa ambao hadi leo, likishatamkwa jina hilo, hawasikii tena linalofuata. Wengine hawarudi kliniki. Muuguzi hana budi basi kutaja pia kiungo, hatua ya ugonjwa na tiba iliyopo, tena zaidi ya mara moja. Katika mlango wa kizazi, kwa mfano, mabadiliko yanayotangulia saratani huonekana kwa kupakwa asidi ya asetiki, ileile iliyomo katika siki. Na mara nyingi mwanamke hutibiwa siku hiyohiyo, kabla saratani yenyewe haijawa.