Sheria iliyouliza babu alizaliwa wapi

Kila ninapofundisha semantiki, yaani elimu ya maana, huwapa wanafunzi wangu kifungu cha sheria iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka wa 1968. Kisha huwauliza ni neno gani humo linalotaja rangi ya mtu. Hulitafuta wasilione.

Chanzo cha sheria hiyo kilikuwa hapa kwetu. Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, wakazi wenye asili ya Kiasia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Maelfu walibaki na pasipoti za Uingereza. Serikali ya KANU ilipopitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka wa 1967, wasio raia walibanwa, na wengi wakafunga safari kwenda London.

Huko chama cha Labour ndicho kilichotawala. Mnamo 1962, kikiwa katika upinzani chini ya Hugh Gaitskell, kiliipinga vikali sheria ya kuwazuia wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Ajabu ni kwamba chama hicho hicho, chini ya Harold Wilson, kiliupitisha mswada wa waziri wake, James Callaghan, kwa siku tatu tu. Tangu hapo pasipoti pekee haikutosha. Ilibidi mwenyewe, mzazi wake, au babu au nyanya yake awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia huko. Waliosalia walitengewa vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia.

Hebu tafakari, msomaji. Mwana wa mlowezi aliyezaliwa Nairobi alipita kwa sababu babu yake alitoka Scotland. Jirani yake Mhindi, mwenye pasipoti ile ile, alizuiwa. Neno "babu" lilifanya kazi ambayo neno "rangi" lingeona haya kuifanya. Mwaka wa 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba waliozuiwa walikuwa wametendewa kwa namna ya kuwadhalilisha.

Watetezi wa Labour husema kilihofia hasira ya wapiga kura. Huenda ni kweli. Lakini wahenga walinena kuwa ahadi ni deni, na pasipoti ni ahadi ya dola kwa raia wake.

Nasi tusijitoe lawamani, maana serikali yetu ndiyo iliyoanza kuwasukuma. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana kuichunguza sheria kwa kuuliza inamfungia nani mlango, hata kama haimtaji kwa jina.