Kalsa ya Palermo: mtaa wenye jina lisilo geni kwetu

Mswahili akifika Palermo, kisiwani Sicily, jina la mtaa wa Kalsa halitamwia geni. Limetoka katika Kiarabu, al-Khalisa, asili moja na neno letu "halisi". Waarabu waliujenga mwaka 937, karibu na bandari, uwe makao ya amiri.

Anzia Piazza Marina, penye mti mkubwa wa jamii ya mkuyu unaoshusha mizizi kutoka matawini. Kisha ingia Palazzo Abatellis, kasri la karne ya 15 ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa. Hapo jirani pana Lo Spasimo, kanisa lililoanza kujengwa 1509 na halikukamilika, halina paa.

Piazza Magione usiipite mbio. Uwanja ule ulikuwa nyumba za watu hadi mabomu ya 1943 yalipozibomoa. Hapo ndipo walipokulia mahakimu Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, waliouawa na mafia 1992.

Majengo ya amiri hayapo tena. Basi malizia San Cataldo, ukingoni mwa mtaa: kanisa la karne ya 12 lenye kuba tatu nyekundu. Wanormani waliuteka mji mwaka 1072, lakini ujenzi wa Waislamu hawakuutupa.